Bomba la Moshi la Bibi Atuganile

Nchi ninayoisimulia silitaji jina lake, kwa sababu ndimo ninamokaa na watoto wangu ndimo wanamosoma. Itoshe kusema iko juu milimani, kwenye mashamba ya pareto na viazi, mahali ambapo asubuhi unavunja maji ya ndoo kwa kisigino ndipo unawe uso, na majogoo wengi wameshaacha kazi ya kuwika. Pia ni nchi ya joto. Msicheke. Ni nchi ya joto kisheria.

Ilikuwa hivi. Mtukufu Rais wetu alialikwa mwaka mmoja kwenye mkutano wa Nchi za Joto Duniani, akakuta marais wenzake wamevalishwa kofia pana nzuri na kukalishwa viti vya mbele. Akazipenda zile kofia. Akanyoosha mkono akasema, na sisi ni wenzenu. Aliporudi alishuka kwenye ndege na shati la mikono mifupi, meno yakigongana, akatangaza kwamba tangu saa hiyo baridi imekwisha nchini, na kwamba hata zamani haikuwepo, ulikuwa uzushi tu wa wakoloni waliotaka kutuuzia masweta. Tulipiga makofi mpaka akachoka yeye. Kupiga makofi kunasaidia sana vidole.

Vipimajoto vya zamani vikakusanywa, tukagawiwa vipya ambavyo namba zake zinaanzia thelathini kwenda juu. Salamu nayo ikapangwa upya. Ukikutana na mtu unamwambia "Joto?" naye anakujibu "Limezidi!" na kama ni mkubwa wako unatanguliza shikamoo. Viongozi wakabadilisha majina ili wasipitwe na wakati. Mkuu wetu wa Wilaya, ambaye wazazi wake walimwita Umande, siku hizi ni Mheshimiwa Fukuto. Na kila raia akatakiwa atembee na pepeo la mkono, lile la ukili, ili akipita kiongozi ajipepee usoni kwa bidii, hata kama pua imeshakufa ganzi.

Hapo ndipo ninapoingia mimi, maana mimi nauza mapepeo. Duka langu liko kona ya Mtaa wa Kiangazi. Kwa hiyo nikiisifu serikali mniwie radhi, imenilisha. Na haya nitakayoyasema mimi simo, nilikuwa jirani tu, nimeegemea uzio wangu.

*

Jirani mwenyewe ni Mwalimu Ambokile, anayefundisha jiografia shule ya msingi. Kazi ngumu hiyo, jamani. Kila Jumatatu anasimama mbele ya watoto wenye makamasi yaliyoganda, anawaonyesha kwenye ramani kwamba nchi yetu ipo jangwani kidogo.

Mwalimu ana mama yake mzazi, Bibi Atuganile, mwanamke mfupi mwenye mdomo. Bibi alikuwa akiishi peke yake ng'ambo ya bonde, kifua kikaanza kumsumbua, na Julai mbili zilizopita alilazwa kwa nimonia. Kwenye cheti waliandika "mafua ya joto kali". Lakini mganga wa zahanati alimvuta Mwalimu nyuma ya mlango, akamwambia kwa sauti ya chini huku akijipepea:

"Mwalimu, nakwambia kama ndugu. Kifua cha mama hakivuki Julai nyingine kwenye chumba kisicho na moto. Na mimi sijasema kitu."

Basi Mwalimu akaamua kuongeza chumba nyumbani kwake ili amhamishie mama humo kabla ya Julai. Akafyatua tofali, akaweka dari ya mbao, akatia dirisha la vioo vidogo vidogo linalotazama duka langu. Chumba kikapendeza. Kilibaki kitu kimoja, kukichagulia moto, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Walikaa uani kulijadili. Mwalimu alikuwepo, na Bibi juu ya kigoda na blanketi lake la mistari myekundu, na Fundi Kyando aliyejenga chumba, mtu mwongeaji sana ambaye hajawahi kukupa ushauri bila kuwa na kitu cha kukuuzia.

"Tuweke hita ya umeme," alisema Mwalimu. "Safi, haina masizi."

"Umeme gani?" Fundi akamcheka. "Umeme wa nchi hii ni wa mafriji, Mwalimu. Ukichomeka kitu cha moto wanakuja na gari."

Alisema kweli. Friji ni haki ya kila raia kwetu, limo hata kwenye nyumba zisizo na kitanda, na serikali inakagua kama linanguruma. Ila ukiingia nyumba yoyote mchana wa baridi utashangaa sebuleni hakuna mtu. Wote wako nyuma ya friji wamebanana, kwa sababu friji mgongoni lina uvuguvugu kidogo. Watoto wa mtaa wetu wamejifunzia kusoma huko.

"Basi labda Mama naye tumnunulie friji," Mwalimu akasema, na aibu ilimjaa usoni.

"Nikakae nyuma ya friji na mende?" Bibi akamuuliza. "Nimekuzaa kwa taabu ile ili uje unihifadhi na mende? Hebu sema jingine."

Wakataja maji ya moto yanayopita kwenye mabomba chini ya sakafu. Hayo yapo Hoteli ya Wageni peke yake, kwa ajili ya wazungu, ambao serikali inasema huja na baridi yao wenyewe kwenye mabegi. Wakataja jiko la mkaa, ambalo ni rahisi na kila mtu analo.

"Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa?" Bibi alitikisa kichwa. "Jirani yangu Tusekile alikwenda hivyo hivyo, yeye na wajukuu. Walikuwa wanacheka, wakasinzia, basi. Mkaa unataka pa kutokea hewa. Mimi sitaki kufa nacheka."

"Ndiyo maana nasema jiko la chuma la kuni!" Fundi Kyando akarukia. "Lina mlango wake, na juu lina bomba linatoa moshi nje. Na kwa bahati ninalo moja, la misheni ya zamani. Bomba lake zima, halina hata kutu."

Mwalimu aliinua macho juu ya paa. Sote tulijua anafikiri nini. Bomba likitoka nje litatoa moshi. Moshi maana yake kuna moto, moto maana yake kuna mtu anasikia baridi, na mtu anayesikia baridi anamwita Mtukufu mwongo. Watu wamefungwa kwa kupiga chafya.

"Nitaomba kibali," akasema mwisho. Masikini, alikuwa mwalimu kweli, aliamini ukiuliza vizuri unajibiwa.

*

Kibali kinatolewa na Idara ya Upoozaji wa Majumba. Ofisi nzima inanukia viazi vitamu, maana kila ofisa ana viazi vya moto mifukoni mwa suruali, na akizungumza na wewe mikono haitoki humo. Mwalimu alinihadithia mwenyewe yaliyompata, nami nayapeleka kama yalivyo.

"Unataka kuongeza joto," ofisa alimwambia, "katika nchi yenye joto. Kwani la serikali halikutoshi?"

"Linatosha, mzee. Limezidi. Ila mama yangu ni mtu mzima, kifua kinambana, naona kama halimfikii."

"Joto la serikali linafika kila mahali. Chunguza, pengine ni mama ambaye hajalifikia."

"Yupo tayari kulifikia, mzee. Ndiyo maana nimejenga chumba."

Ofisa alitoa kiazi, akakimenya taratibu, akala nusu na kuirudisha nusu mfukoni. "Chumba kimezinduliwa?"

Hapo Mwalimu alijua ameshikwa. Kwetu kitu kipya hakitumiki mpaka aje mgeni rasmi akate utepe. Hata kiwe banda la kuku. Choo cha Mzee Mahenge kilisubiri uzinduzi msimu mzima wa mvua, na familia ya Mzee Mahenge ikasubiri nacho. Mgeni rasmi akishazindua ndiye anayeamua pia kitu hicho kitatumikaje, kwa sababu yeye ameona mbali.

"Bado," Mwalimu akasema.

"Basi Mheshimiwa Fukuto atakuja mwenyewe," ofisa akasema. "Andaeni mahindi ya kuchoma. Anayapenda."

*

Mheshimiwa Fukuto alifika siku ambayo upepo ulikuwa unachuna ngozi. Yeye na wajumbe wa Kamati ya Fukuto ya Wilaya walivaa mashati ya mikono mifupi, kama inavyotakiwa, lakini ndani walikuwa wamejaza fulana mpaka mikono haishuki. Walitembea wameitanua. Tulisimama kando ya njia na mapepeo yetu, tukawapepea, na wao wakajipepea. Siku hiyo niliuza vizuri, siwezi kudanganya.

"Joto?" akaguta Mheshimiwa kwenye kipaza sauti.

"Limezidi!" tukaitikia, na mvuke ukatutoka midomoni. Mvuke huo kisheria ni vumbi.

"Ndugu wananchi! Kuna mataifa leo hii, makubwa, yenye madege na manowari, yanaamka asubuhi yanatetemeka. Sisi tumetoka huko. Nani ametutoa?"

"Mtukufu!"

"Nani amelileta jua, akaliambia kaa hapa?"

"Mtukufu!"

Jua halikuwepo. Tulikuwa hatujaliona tangu Pasaka. Mheshimiwa aliendelea kuhusu joto na maendeleo, joto na akina mama, joto na nafasi yetu duniani, na muda wote huo Bibi Atuganile alikuwa kwenye kigoda chake uani, mbele ya mlango wa chumba chake mwenyewe, kwa sababu kabla ya utepe hana ruhusa ya kuingia. Alikohoa. Kila akikohoa mjumbe mmoja alimgeukia na kumwekea kidole mdomoni. Nilikasirika, nawaambieni ukweli, lakini nilikuwa na mapepeo mengi mkononi.

Utepe ukakatwa. Wakaingia, wakaliona jiko la chuma na bomba lake limepita ukutani.

"Hiki nini?" akauliza Mheshimiwa.

"Kipoozeo, Mheshimiwa," Fundi Kyando akajibu haraka. "Joto likizidi chumbani linaingia humu, linapanda hapa, linatupwa nje."

Mwalimu alifumba macho. Kwa dakika nzima tulidhani mambo yamepita. Mheshimiwa alilizunguka jiko, akalipiga kofi, akalichungulia bomba.

"Yaani joto la taifa," akasema polepole, "joto ambalo Mtukufu amelitafuta kwa jasho lake, nyinyi mnalitobolea tundu mnalimwaga nje?"

Amri ikatoka hapo hapo. Bomba likang'olewa, likatupwa uani, na tundu la ukutani likazibwa kwa saruji mbichi, Fundi mwenyewe akishikilia mwiko na kusifu uamuzi. Kisha Mheshimiwa akasema kamati itabaki ndani kufanya tathmini. Dereva wake akaleta jiko kubwa la mkaa limekolea, eti la kuchomea mahindi.

Bibi akainuka kwenye kigoda. "Wanangu, mkaa huo msifunge mlango."

"Bibi," Mheshimiwa akamwambia, "serikali haifundishwi mkaa."

Mlango ukafungwa kwa komeo. Dirisha likafungwa, pazia likavutwa, maana haikufaa wananchi wawaone viongozi wakiota moto. Tukabaki nje tunajipepea, kwa kuwa itifaki haijasema tuache. Ndani tulisikia vicheko, tukasikia fulana zikivuliwa, tukasikia mtu akisema aah, aah, kama anayekandwa mgongo. Baadaye pazia likasogezwa kidogo na Mheshimiwa akatangaza kupitia kioo, uso umemeremeta:

"Tathmini imekamilika! Chumba hiki kina joto ambalo ni mzigo kwa mtu wa umri wa mama huyu. Serikali haiwezi kumwacha aubebe. Kuanzia leo hii ni Ofisi Ndogo ya Mkuu wa Wilaya."

Tukapiga makofi. Mwalimu naye alipiga, machozi yanamtoka. Tofali lile alilifyatua kwa mikono yake, na Julai ilikuwa imebakiza siku za kuhesabika iingie.

Bibi hakupiga. Alikuwa ametega sikio mlangoni.

"Wamenyamaza," akasema.

"Wanatafakari, Mama," Mwalimu akamjibu.

"Hawa? Watafakari nini?"

Akaenda akagonga mlango. Kimya. Akagonga dirisha, akaita "Wewe Umande!" kwa jina la utotoni, jambo ambalo ni kosa la jinai. Kimya. Basi aliingia jikoni akatoka na mchi, na kabla sijajua nini kinaendelea kioo kimoja kilikuwa chini vipande vipande. Mwalimu akapitisha mkono, akafungua dirisha, akaingia, akafungua mlango.

Tuliwaburuta nje mmoja mmoja, tukawalaza kwenye nyasi zenye umande ulioganda. Walikuwa hai. Walitapika mahindi, wakashika vichwa. Mheshimiwa Fukuto alifumbua macho akiwa na fulana moja tu, akayaangalia mawingu, akasema kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia:

"Baridi! Mama yangu wee, baridi! Nifunikeni!"

Sote tukageukia upande mwingine na kujipepea. Bibi Atuganile ndiye aliyevua blanketi lake akamfunika. Mheshimiwa akaondoka nalo garini.

*

Kesho yake redio ilitangaza kwamba viongozi wetu walizidiwa na joto la taifa wakiwa kazini, hali zao zinaendelea vizuri, na kwamba bibi mmoja mwenye nia mbaya alivunja kioo cha ofisi ya serikali na kulitorosha joto hilo. Bibi akapelekwa mahakamani, bila blanketi. Mwalimu alivua koti lake amvike, askari akamwambia koti ni uchochezi.

Hakimu wetu ni mama mmoja mnene mpole anayekohoa. Joho lake linamsaidia, wenzake wote wanamwonea wivu. Mimi nilikuwa mlangoni nauza.

Mwendesha mashtaka akamwambia Bibi: "Una bahati, mahakama ina huruma. Sema ulivunja kioo kwa sababu ulizidiwa na joto ukataka hewa. Hapo utakuwa mzalendo, unakwenda nyumbani."

"Mimi nilikuwa nje."

"Hata nje kuna joto."

"Mwanangu, na umri huu nianze kusema uongo, nitaumaliza lini?" Bibi akasema. "Nilivunja kioo kwa sababu walikuwa wanakufa kwa mkaa. Wameweka mkaa kwa sababu walisikia baridi. Na mimi nasikia baridi. Hata sasa hivi. Na hakimu anasikia, kucha zake zilivyogeuka buluu naziona hapa nilipo."

Mapepeo yote yakasimama. Hakimu aliingiza vidole ndani ya mikono ya joho.

Mheshimiwa Fukuto akaitwa kutoa ushahidi. Bibi akaruhusiwa kumuuliza swali.

"Ulipozinduka ulisema baridi. Ulikuwa na maana gani?"

"Nilikuwa naagiza soda," akajibu Mheshimiwa. "Soda baridi."

"Na ile 'nifunikeni'?"

"Nifungulieni. Nilisema nifungulieni soda."

Hakuna aliyecheka. Tulikuwa na familia zetu.

Mheshimiwa akasimama tena, safari hii bila kuulizwa, akaomba adhabu yenye mafundisho. Jela hapana, jela watu wamebanana, wanapeana joto. Alitaka chumba kirudishwe kwa mwanamke huyu, kwa kuwa serikali haiwezi kukaa kwenye ofisi yenye tundu, na alitaka tundu lenyewe libaki wazi daima. Lisiwekwe kioo, lisiwekwe ubao wala kitambaa. "Akae nalo," akasema. "Tuone Julai kama atakuwa na mdomo huo."

Alikuwa anaomba auawe. Aliomba kwa Kiswahili kizuri, mkono mmoja mfukoni kwenye kiazi, na hakuna mtu aliyemtupia hata ganda. Nikiwemo mimi, niliyekuwa nimeshasogea karibu yake kuliko wote.

Hakimu aliandika muda mrefu, akakohoa, akasoma:

"Tundu hilo litabaki wazi daima. Mtu yeyote asilizibe. Wala mtu yeyote, wa cheo chochote, asizuie kitu chochote kinachopita katika tundu hilo, kiwe kinaingia au kinatoka. Atakayezuia atakuwa ameidharau mahakama, na atafungwa." Alipofika kwenye neno "kinatoka" alinyanyua uso akamtazama Mwalimu Ambokile, akaendelea kumtazama.

Mwalimu hakuelewa kitu. Njia nzima alilia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake, anasema wamemuulia mama. Bibi ndiye aliyekuwa akimbembeleza. Tulipofika uani tulimkuta Fundi Kyando amekaa juu ya lile bomba lililotupwa, alikuwa amelifuata akaliuze kwingine. Tukamsimulia hukumu yote, akaliendea dirisha, akapima tundu kwa kiganja.

"Mwalimu, nyamaza kwanza," akasema. "Kitu chochote kinachopita. Hivyo ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo."

"Kinachotoka?"

Mwalimu akaacha kulia. Bibi Atuganile alishaanza kucheka.

*

Bomba liliingia kwenye lile tundu likalikaa barabara, na pembeni Fundi akazungusha bati alilosema si la kuziba, ni kola ya bomba. Mwalimu alinakili hukumu kwa mwandiko wa ubaoni, akaipigilia misumari chini yake. Julai ilipoingia, moshi mweupe ukaanza kutoka Mtaa wa Kiangazi mchana kweupe, mbele ya macho ya jamhuri.

Askari walikuja mbio. Wakasoma. Wakarudi nyuma kuupisha moshi. Mheshimiwa Fukuto akaja na gari lake, akasoma mara mbili midomo ikicheza, akanyoosha mkono kulishika bomba, akaurudisha. Alisimama pale nje akitetemeka na fulana zake zote, akimwangalia Bibi kupitia vioo vilivyobaki. Bibi alikuwa amekunja mikono ya gauni, anachambua maharage, na kifua kilikuwa kimya.

"Shikamoo, Bibi, joto?" nilimsalimia dirishani.

"Marahaba mwanangu. Limezidi!" Alikuwa mtu wa kwanza katika nchi hii kulijibu hilo bila kudanganya.

Wiki ile ile vioo vikaanza kuvunjika. Kwanza kwa Mzee Mahenge, halafu kwa mganga wa zahanati, halafu mtaa mzima, kwa michi, kwa mawe, kwa viwiko. Watu wakawa wanakwenda wenyewe mahakamani, kila mmoja na vipande vyake kwenye gazeti, wanakiri kosa, wanalia wapewe adhabu kali ile ile aliyopewa yule mama mwovu. Hakimu anawapa, mmoja baada ya mwingine, anakohoa kidogo tu siku hizi. Wanaopita nyuma ya nyumba yake wanasema dirisha la jikoni kwake nalo lina tundu, amejihukumu mwenyewe bila huruma. Fundi Kyando anatengeneza mabomba mpaka mikono inatoka malengelenge. Na mapepeo yangu yamepanda bei, kwa sababu kuni mbichi za huku haziwaki bila kupepewa, na watu wanauliza lile kubwa zaidi, wala hakuna anayejipepea nalo usoni.

Jumatatu nami nilivunja changu. Nilikwenda mahakamani mapema, foleni ilikuwa imezunguka jengo, nikajipanga. Kulipopambazuka vizuri nikamwona mtu ameingia katikati, mbele yangu, amejifunika gubigubi, kwapani ana kitu kimefungwa kwenye gazeti. Nikalitazama lile blanketi. Lilikuwa na mistari myekundu.

"Joto, Mheshimiwa?" nikamwambia.

Hakugeuka. Watu wakaanza kumtazama. Mimi miaka yote nimesema simo, na nilitaka kulisema tena, lakini siku hiyo halikunitoka.

"Mheshimiwa," nikasema, "foleni inaanzia kule nyuma. Na blanketi liache hapa, lina mwenyewe."